Kunukuu Maneno ya Watu na Kupenda Kusifiwa



Tumeulizwa na baadhi ya ndugu zetu wa Mombasa na Malindi swali ambalo tumeliona lafaa liwe somo kamili, wala si jawabu la mistari miwili. Wameuliza: Mtu akipokea katika simu yake maneno mazuri, kisha akayasambaza kwa watu bila ya kumtaja aliyeyaandika, je, ana makosa? Na yule mwenye kuandika, ambaye kila siku huwahimiza watu wayasambaze maneno yake, kisha akakaa kuhisabu wangapi wamesambaza, je, huyo anawafundisha watu au anajitangaza nafsi yake?

Maswali haya yaonekana kuwa mawili. Sisi twaona ni jambo moja lenye nyuso mbili, na tutaeleza sababu yake. Lakini hatuna budi kwanza kusema yaliyotufika sisi wenyewe hapa Kakamega, kwani haipendezi mwalimu kusimama kuwasahihisha watu katika jambo ambalo mguu wake mwenyewe umeteleza.

Yuko mwalimu wa kike anayesomesha madrasa moja upande wa Mumias. Katika mwezi wa Shaabani aliandika ukurasa mmoja juu ya fungu la mjane katika mirathi, kwa Kiswahili chepesi ambacho mkulima wa miwa angekifahamu bila ya mfasiri. Alitoa mfano wa marehemu aliyeacha mke mmoja na ekari 8 za shamba, baada ya kwisha kulipwa madeni na kutimizwa wasia. Ikiwa marehemu ameacha watoto, mjane hupata thumni, yaani ekari 1. Ikiwa hakuacha mtoto, hupata robo, yaani ekari 2. Alitutumia tumtazamie. Tulisahihisha maneno mawili, tukapendezwa na ukurasa ule mno, tukautia katika kundi la simu la darasa letu. Jina lake hatukulitaja. Hatukukusudia kumwibia, tulisahau tu, au ndivyo tulivyojiambia.

Kulipokucha zilikuja shukrani. Huyu asema, "Mungu akulipe kheri, Sheikh," na huyu asema hajapata kufafanuliwa mirathi namna hii tangu azaliwe. Tulizisoma zote, wala hatutaficha kwamba baadhi yake tulizisoma mara mbili. Siku mbili tulinyamaza. Hatukusema uwongo hata neno moja katika siku hizo. Tulinyamaza tu, na kimya chetu kikatusemea.

Siku ya tano ukurasa ulirudi kutoka pwani. Juu yake mtu tusiyemjua ameandika jina letu, pamoja na sifa ambazo hata katika ndoto hatujajipa. Na ili ukurasa upate kuwa mfupi, mtu mwingine ameukata: ameondoa mfano wa mwenye watoto, ameacha ule wa pili peke yake, tena bila ya sharti lake. Ikawa kila mjane hupata ekari 2 katika 8. Hazikupita siku nyingi, wakatujia watu wawili wa nyumba moja, mama na mtoto wa mumewe, simu mkononi, nao wameshafarakana. Mama akasema, "Sheikh, si wewe uliyeandika robo?" Na marehemu ameacha watoto 5.

Tuliwaeleza lililo haki. Lakini mama yule hakuridhika, na sisi hatumlaumu, kwani maandishi yalikuwa mbele ya macho yake na jina lililokuwa juu yake lilikuwa letu. Kilichomtuliza ni ukurasa wa asili. Tulimpigia simu mwalimu wa Mumias, akaja na daftari alilouandika kwa mkono wake, mama akasoma mwenyewe mifano yote miwili. Akainuka akaondoka na thumni yake, na mtoto wa mumewe akamshika mkono kumteremsha ngazi.

Hapo ndipo tulipofahamu vizuri jambo ambalo miaka yote tulikuwa tukilisomesha kwa ulimi tu, nalo ni kwamba jina la mwenye maneno si pambo la kutiwa chini ya ukurasa. Ni njia ya kurudia kwa mwenyewe. Mtu huandikwa jina lake ili aulizwe kabla ya kuwa aandikwe ili asifiwe. Lau jina la mwalimu yule lingalikuwapo tangu siku ya kwanza, yule mama wa ekari 8 angalijua amwendee nani.

Wanavyuoni waliotutangulia walilijua hili pasipo simu. Kwa ajili yake waliweka isnadi, kwamba hadithi haipokewi mpaka ijulikane fulani ameipokea kwa fulani, na fulani kwa fulani, mpaka ifike kwa mwenyewe. Kila jina katika silsila ile ni mtu wa kuulizwa: alikuwa mkweli? alikuwa na hifadhi nzuri? alikutana kweli na yule anayesema amepokea kwake? Hawakuyaandika majina yale kwa kutaka sifa, kwani wengi katika wapokezi hawakumbukwi leo ila kwa kutiliwa kasoro.

Tutazameni tafsiri ya Jalalayn, ambayo hapana darasa la pwani lisiloijua. Imeitwa hivyo kwa kuwa ni ya Jalali wawili. Jalaluddin al-Mahalli, aliyekufa mwaka 864 wa Hijra, alifasiri kuanzia Suratul Kahf mpaka mwisho, pamoja na Alhamdu, kisha mauti yakamkuta. Jalaluddin as-Suyuti akaitimiza, kuanzia Suratul Baqara mpaka Suratul Israa, na alipofika hapo akaeleza wazi kwamba kazi hii ni ya kutimiza kazi ya aliyemtangulia. Mtindo wao umefanana hata msomaji asiyeambiwa hatambui mkono mmoja umeishia wapi na wa pili umeanzia wapi. Lau Suyuti angalinyamaza, nani angalijua?

Na huyu Suyuti ndiye mwenye kisa mashuhuri zaidi katika mlango huu. Alimlalamikia al-Qastallani, mwenye kitabu cha Mawahib na sharhe ya Bukhari, kwamba huchukua katika vitabu vyake bila ya kumtaja. Shauri likafika mbele ya Shaykhul Islam Zakariya al-Ansari, huko Misri. Suyuti akataja mahali ambapo Qastallani amenukuu kwa Bayhaqi, akamtaka aseme Bayhaqi ana vitabu vingapi, na neno lile amelikuta katika kipi. Qastallani hakuweza kujibu. Ndipo Suyuti alipodai kwamba maneno yale mwenziwe ameyakuta katika vitabu vyake yeye, na yeye ndiye aliyeyatoa kwa Bayhaqi. Basi ilimpasa aseme Suyuti amenukuu kwa Bayhaqi, ili ampe mwenziwe haki yake na yeye mwenyewe atoke katika dhamana. Wenye kuandika historia wamesimulia kwamba baadaye Qastallani alitoka Kairo kwa miguu, bila ya viatu wala kilemba, mpaka Rawdha alikokaa Suyuti, akabisha hodi, akasema amekuja kumtaka radhi. Suyuti akamjibu kutoka ndani kwamba ameshamridhia. Mlango hakuufungua.

Twafikiri msomaji ameona ulipo uzito. Qastallani hakumzulia Bayhaqi uwongo. Maneno yalikuwa ya Bayhaqi kweli. Kosa alilodaiwa ni kuruka pete moja katika mnyororo, pete ya yule aliyetaabika kuyatafuta. Haya ndiyo yanayotendeka leo mara elfu kwa siku, na anayetenda husema, "Lakini maneno ni sahihi!" Tuongeze pia, kwa uadilifu, kwamba Suyuti naye hakusalimika: Sakhawi, aliyeishi zama zake, alimtuhumu kuwa huchukua vitabu vya wengine na kuvifanya vyake, na Suyuti aliandika risala nzima ya kupambanua baina ya mtungaji na mwizi. Watu wakubwa wametuhumiana katika jambo hili, na sisi wadogo tusijione kuwa tumesalimika.

Hapa pwani pia adabu hii ilikuwapo. Katika maandishi ya kale ya tenzi, mara nyingi utakuta mwishoni majina mawili: la aliyetunga na la aliyenakili. Mnakili huomba dua na husamehesha makosa ya kalamu yake, lakini hajifanyi mtunzi. Muhamadi Kijuma wa Lamu, aliyekufa mwaka 1945, aliwanakilia wataalamu wa Kizungu tenzi nyingi kwa khati yake nzuri. Naye alikuwa mtunzi pia, akijua ipi ni kazi yake na ipi ni amana ya watu. Na watunzi wengi walilitia jina lao ndani ya beti za mwisho, likafungwa kwa vina na mizani, hata mwenye kutaka kulitoa hana budi aibomoe nyumba nzima. Wale ambao mashairi yao yalibaki vinywani mwa watu walikuwa katika khatari zaidi. Muyaka bin Haji wa Mombasa alikufa kadiri ya mwaka 1840, na mengi tuliyo nayo ya kwake ni kwa sababu Mwalimu Sikujua aliyakusanya pamoja na Mwingereza W. E. Taylor katika miaka ya mwisho ya karne ile, kabla ya kupigwa chapa kitabu chake mwaka 1940.

Wala mtu asidhani kusambaza maneno yasiyo na mwenyewe kumeanza na simu. Katika mwaka 1908 barua iliyodaiwa kutoka Makka ilienea katika mwambao uliokuwa chini ya Wajarumani, khasa upande wa Lindi, ikipita mkono kwa mkono hata serikali yao ikaingiwa na hofu. Ilikuwa ni moja katika sura za wasia ule wa ndoto ya Sheikh Ahmad wa Madina, ambao ulikuwa umekwisha kuonekana hata Java katika karne ya 19. Humtaka msomaji auandike na aupeleke kwa wengine, na humtisha asiyefanya hivyo. Sheikh Ibn Baz, aliyekufa mwaka 1999, aliandika kuukanusha. Na bado huja! Umekuja katika simu yetu sisi mwaka huu, umeletwa na mtu mwenye elimu yake. Tofauti ni kwamba yule wa mwaka 1908 ilimbidi akae chini atie wino na aandike mstari baada ya mstari, na katika muda ule huenda akili ikamrudia. Huyu wa leo hugusa kioo kwa kidole.

Basi sasa tuvitazame vyombo vyenyewe, kwani havifanani, na kila kimoja humtengeneza mtu kwa namna yake.

Katika WhatsApp, ambayo ndiyo inayotumika zaidi kwetu, ukisambaza ujumbe maneno hufika lakini jina la mwandishi halifuati. Tangu mwaka 2018 huonekana alama kwamba ujumbe umesambazwa, lakini alama hiyo haisemi umetoka kwa nani. Ni sawa na mpokezi wa hadithi aseme "nimeambiwa" kisha anyamaze. Wenye chombo hicho waliona madhara ya khabari za uwongo, wakapunguza: mwaka 2019 wakaweka mpaka wa makundi au watu 5 kwa mara moja, na Aprili 2020 wakaamuru kwamba ujumbe uliokwisha sambazwa sana usipelekwe ila mahali pamoja kwa mara moja. Wakatangaza mwezi huo huo kwamba jumbe za namna hiyo zilipungua kwa asilimia 70. Hebu zingatia: maneno hayakukatazwa, ilizidishwa taabu kidogo tu ya kuyapeleka, na watu wengi wakaona hayastahiki hata taabu hiyo.

Katika Twitter, ambayo tangu Julai 2023 yaitwa X, mambo ni kinyume. Mwanzo watu walikuwa wakiyanakili maneno ya mwenziwao kwa mkono na kutanguliza jina lake, na hiyo ilikuwa desturi yao wenyewe. Mwaka 2009 kikawekwa kitufe cha kufanya kazi hiyo. Jina la mwenyewe hubaki, na hili ni jema. Lakini pamoja na jina imewekwa hisabu, kila mtu aione: wangapi wamesambaza, wangapi wamependa. Tumblr, iliyoanza mwaka 2007, nayo hulihifadhi jina la wa kwanza na la kila aliyeongeza neno lake, mfano wa hashiya juu ya sharhe juu ya matini, lakini chini yake vile vile kuna hisabu.

Kwa hiyo upande mmoja jina hupotea, na mtu huchukua kisicho chake. Upande wa pili jina hubaki, lakini hupimwa kwa mizani ya sokoni, na mtu huanza kuliuza. Hizi ndizo zile nyuso mbili tulizotaja. Yule anayelifuta jina la mwenziwe na yule anayelitangaza lake wote wamesahau kwamba jina liliwekwa ili mtu aulizwe.

Twitter walifanya jaribio moja ambalo latufaa. Mwezi wa Oktoba 2020, kabla ya uchaguzi wa Marekani, walibadilisha kitufe kile ili mwenye kusambaza kwanza atakiwe aandike neno lake mwenyewe. Walitumai watu watafikiri. Kusambaza kwa jumla kulipungua kwa asilimia 20, lakini katika yale maneno mapya yaliyoongezeka, asilimia 45 yalikuwa neno moja moja tu la kuitikia. Desemba wakairudisha desturi ya zamani. Kitufe chaweza kumzuia mtu kidogo. Hakiwezi kumpa la kusema ikiwa hana.

Sasa twende kwa mwandishi mwenyewe. Mwenye kuona kila siku hisabu ya waliosambaza hukaa akaandika kwa ajili ya hisabu hiyo, hata asipokusudia. Hujifunza kwamba neno kali husambazwa kuliko neno lenye sharti, na kwamba "kila mjane hupata robo" yaenda mbali kuliko "ikiwa hakuacha mtoto". Polepole huyaacha masharti. Kisha huona neno la mwenziwe lililoenea, akaliiga kwa rangi nyingine. Ukifungua simu asubuhi utakuta mawaidha kumi ambayo ni waadhi mmoja aliyevaa kanzu kumi. Wahenga wamesema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Lakini katika soko hili hata kizuri kimefundishwa kujitembeza, na mnunuzi hana tena alama ya kuvipambanua.

Imam Ghazali katika Ihya ameweka kitabu kizima cha kulaumu kupenda jaha na kujionyesha, na amekitia katika robo ya mambo yenye kuangamiza. Na katika Suratu Aali Imran Mwenyezi Mungu amewakemea wanaopenda kusifiwa kwa wasiyoyatenda. Aya hiyo tumeisomesha miaka mingi, tukidhani yawahusu watu wengine. Siku zile mbili za Shaabani ndizo zilizotuonyesha kwamba yatuhusu, tena bila ya kuandika wala kusema chochote.

Wako watakaosema: Maneno ya dini si mali ya mtu, kwa hiyo jina halina haja, tena kutia jina ndiko kujionyesha. Neno hili lina uzuri wake, na husemwa na watu wema. Kweli hukumu ya thumni haina mwenyewe. Imo katika Suratun Nisaa, wala mwalimu wa Mumias hakuizua, na lau angaliizua tungalimpinga. Lakini mfano wa ekari 8 ni jasho lake, na usahihi wa mfano ni dhamana yake. Kile ambacho hakina mwenyewe ni hukumu. Maelezo yana mwenyewe, naye ndiye atakayeulizwa yakiwa na kosa. Na asiyetaka jina lake litajwe kwa kuogopa riya, aogope vile vile kuandika jambo ambalo halina wa kulijibia.

Basi jawabu letu kwa waulizaji ni hili. Mwenye kusambaza maneno anayojua ni ya nani, amtaje. Asiyejua, aseme hajui, na likiwa ni jambo la mirathi, talaka, dawa au khabari ya mauti, asilisambaze mpaka ajue. Asikate maneno ya mtu akaliacha jina lake juu yake. Ama kuwaomba watu wasambaze, hatusemi ni haramu, kwani gazeti letu hili nalo twapenda lisomwe. Lakini mwenye kuomba ajiulize: lau maneno haya yangesambazwa kwa jina la mwenzangu, ningefurahi kadiri hii hii? Sisi tulijiuliza, na jawabu hatukulipenda.

Katika darasa letu hapa Kakamega tumekubaliana kwamba jina la mwandishi litiwe ndani ya maneno, katika mstari wa kwanza na katika wa mwisho, kama watunzi wetu walivyofanya, ili mwenye kukata asipate mahali pepesi. Tumeandika pia kwa makundi yote tuliyoyafikia, tukaeleza kwamba ukurasa ule wa mirathi haukuwa wetu na kwamba umeharibiwa. Tangazo hilo, tumeona, halikusambazwa na wengi.

Mwalimu wa Mumias tulimwendea kumtaka radhi, nasi viatu vyetu tulikuwa navyo. Akacheka, akasema, "Mimi nimeshasamehe, Maalim, lakini jina langu msilitie, watu wakijua ni mwanamke hawatasoma." Tukamwambia, "Mwanangu, wasiposoma hilo ni lao, lakini wakikosea watamwuliza nani?" Alinyamaza kitambo. Kisha akatuomba muda wa kushauriana na baba yake. Ukurasa wake wa pili, juu ya fungu la mama wa maiti, tunao mkononi tangu wiki iliyopita, na hatutautoa mpaka jawabu lake lifike.